Taarifa ya Mheshimiwa Okullo

Kapteni alikula chapati za Santina akiwa amesimama, mguu mmoja juu ya benchi ya wateja, na kila alipomaliza moja alinyoosha mkono akachukua nyingine bila kuuliza. Santina hakuthubutu kutaja bei. Unga wenyewe ameupata kwa magendo huko Namuwongo, mafuta ndiyo usiseme. Tangu Wahindi wafukuzwe nchini maduka yamebaki na makabati na vumbi. Lakini nani atamdai mwanajeshi? Thubutu! Akaendelea kugeuza chapati, jasho linamtiririka, akiomba kimoyomoyo kwamba mtu huyu ana njaa tu, atashiba aende zake.

Hakwenda. Alijipangusa mafuta kwa kitambaa safi cha Santina, kile cha kufunikia unga, kisha akauliza, "Mheshimiwa iko ndani?"

Mheshimiwa! Bunge lilivunjwa wanajeshi waliposhika nchi, mwaka wa pili huo unakwenda wa tatu, na Erinayo Okullo, mume wa Santina, hakuwa tena mheshimiwa wa kitu chochote isipokuwa chumba kimoja na ua mpana hapo Nsambya, nyuma ya nyumba za wafanyakazi wa reli. Hata hivyo alipotoka alikuwa amevaa koti. Nasema koti, saa sita mchana, jua la kuchoma utosi. Alikuwa amesikia gari likisimama akakimbilia koti na tai kabla ya viatu. Alitoka na soksi tu.

"Zamani wewe nafanya nini hapa uwanjani, siku ya Jumapili?" Kapteni aliuliza.

"Nilikuwa natoa taarifa, afande. Jimbo langu liko kaskazini, lakini watu wangu wengi wanafanya kazi mjini hapa. Basi baada ya misa walikuja, nikawaeleza Bunge limepitisha nini, nimeuliza maswali gani, barabara ya kwetu imefikia wapi, na mikutano ijayo ni lini."

"Watu nakuja?"

"Walijaa, afande. Wengine walisimama nje ya ua."

Alisema hivyo kwa sauti iliyonyooka, sauti ya zamani. Santina aliisikia, akaichukia.

"Mzuri. Jumapili hii wewe nasema tena." Kapteni alishusha mguu. "Nasema serikali nafanya kazi mingi. Sukari nakuja. Barabara natengeneza. Halafu nasema mkutano ya Jumanne. Vijana yote ya kwenu, ile ya polisi zamani, ile ya jeshi zamani, ile hapana kazi, nakuja asubuhi kiwanjani, karibu na kambi. Serikali nataka rudisha yeye kazini. Lori iko. Chakula iko."

Mheshimiwa aliivuta tai yake. "Na nikiugua Jumapili, afande?"

Kapteni alicheka vizuri kabisa, kicheko cha mtu wa nyumbani. Akamsogelea, akamnyoosha tai iliyokaa upande. "Wewe hapana ugua. Kama naugua, mimi nakuja na lori, napeleka wewe kwa hospitali yangu."

Gari liliondoka, lakini askari mmoja alibaki ng'ambo ya barabara, kwenye kibanda cha fundi viatu. Akavuta kigoda akakaa.

Santina alizima moto ingawa wateja wa mchana walikuwa hawajaja. Aliingia ndani akafunga mlango.

"Baba Anena, huwezi kulisema hilo."

"La Jumanne?"

"La Jumanne, ndiyo! Umesahau vijana wetu wa Namuwongo? Waliambiwa hivyo hivyo. Kazi, lori, chakula. Wake zao mpaka leo wanazunguka na vibakuli vya chakula kutoka gereza hadi gereza, na kila mlango wanaambiwa hayupo hapa."

"Sijasahau."

"Basi tuondoke."

"Tupitie wapi? Yule pale kwa fundi viatu unadhani anasubiri kiatu? Na hata tukimpita, vizuizi vya askari viko njia nzima ya kaskazini mpaka darajani Karuma. Jina langu wanalo kila kizuizi." Alikaa kitandani, akafungua tai, akaikunja juu ya goti. Kisha akasema jambo ambalo Santina hakulitegemea. "Lakini huenda safari hii ni kweli, mke wangu. Serikali yoyote inahitaji polisi wenye uzoefu. Kama ni kweli, mimi nitakuwa nimewanyima watu wangu kazi."

Santina alimjua mume wake. Mtu mwema, hajala senti ya mtu, lakini mpe umati wa kumsikiliza, basi, umemmaliza. Tangu Bunge lifungwe alikuwa anashinda ameketi, anasoma magazeti ya zamani ya kufungia chapati na kuyajibu peke yake kwa sauti ya chini. Sasa ameahidiwa ua uliojaa, na nusu ya moyo wake ilikuwa imeshasimama mbele ya watu. Jambo hilo lilimuuma Santina kuliko vitisho vya Kapteni.

Mlango uligongwa. Alikuwa Ojara, mtoto wa dada yake Santina, aliyefukuzwa polisi pamoja na wenzake wa kaskazini na sasa anabeba magunia ya makaa sokoni Kamwokya. Shingo yake ilikuwa nyeusi kwa vumbi la makaa, lakini uso ulimng'aa.

"Mama mdogo, shikamoo. Baba, shikamoo. Yule askari pale nje ananiambia tunarudishwa kazini! Ati Baba atatangaza Jumapili. Ni kweli?"

Dirisha lilikuwa wazi, na kutoka kwenye kigoda askari aliwaona wote watatu.

"Utasikia Jumapili," Mheshimiwa alisema.

"Nilijua! Mke wangu Lakot hana maziwa, mtoto analia mchana kutwa, mimi nabeba makaa ya watu. Nimebrashi kofia yangu ya polisi, iko tayari."

Santina alimsindikiza hadi kwenye kona ya ua. "Ojara, mwanangu, Jumanne usiende," alinong'ona.

Kijana alisimama. Furaha ilimtoka usoni ikabaki hasira. "Kwa nini? Nyinyi mliwahi kula. Sisi tukiitwa tukale, usiende! Una kazi ya kunipa, Mama mdogo? Ukinipa, siendi."

Angemjibu nini? Amweleze yote, na Ojara huyu mdomo wake haukai na neno, ifike jioni mtaa mzima unajua, na kwa fundi viatu wanajua pia? Mume wake asingeiona Jumapili. Akajichekesha, akasema alikuwa anatania. Ojara aliondoka bila kumuaga.

Jumamosi Mheshimiwa alikuwa mbele ya kioo kidogo cha kunyolea, anajaribu maneno. "Ndugu wananchi, ni muda mrefu." Hapana. "Ndugu zangu, leo tena." Santina alikuwa anampigia pasi shati, na alilipiga vizuri, kola na mikono, maana hata ukimkasirikia mume huwezi kumtoa mbele za watu na shati la makunyanzi.

"Ile ya Jumanne utaisema kweli?" alimuuliza bila kuinua macho.

"Nitaisema haraka haraka, mwishoni."

"Wataacha kuisikia kwa sababu umeisema haraka?"

"Santina, unataka waniue?"

Alilia pale pale, mume wake, mbele ya kioo, na povu la sabuni kwenye shavu moja. Santina aliweka pasi chini akamshika kichwa. Hakutaka auawe. Alimpenda huyu mtu na makoti yake yote. Lakini hata Ojara, Santina ndiye aliyempokea kwa mikono yake siku alipozaliwa. Akarudi kwenye pasi, na hapo, akipiga kola mara ya pili bila sababu, ndipo wazo lilipomjia.

Kwa watu wao hakuna kitu kinachosimamisha mkutano isipokuwa msiba. Mama akitoka uani na kupiga kilio, kila aliyesikia anaacha alichoshika. Aliye kwenye pombe anaacha pombe. Hakuna habari nyingine itakayosemwa mpaka marehemu azikwe, hata ungekuwa na ujumbe wa mfalme. Na msiba ukiwa wa kule nyumbani, watu wa mjini hukaa matanga siku kadhaa. Jumanne ingepita watu wakiwa wamekaa chini kwenye majani, na kosa lisingekuwa la Mheshimiwa.

Lakini amlilie nani? Msiba lazima uwe wa nyumba hii. Alimfikiria Mama Rosalba, mama mkwe wake, kule mbali kupita Kitgum, anayemlelea binti yake Anena, mzima wa afya, anapalilia mtama. Kumlilia aliye hai ni kumwitia mauti kwa jina lake; mwanamke wa kwao akifanya hivyo hakuna atakayekula naye tena sahani moja. Akapiga alama ya msalaba, akamwomba Mama Rosalba msamaha huko huko aliko. Hakumwambia mume wake. Erinayo hajui kuigiza. Uso wake ungewauza.

Jumapili ua ulijaa kama zamani. Walikuja na watoto, walikuja na viti, na jirani yake Nabalayo, Mkenya wa nyumba za reli, aliwahi mapema akakaa mbele kabisa ingawa jimbo halikuwa lake. "Mimi napenda tu Kiswahili ya huyu mzee," alisema. Yule askari wa kigodani alikuja akaegemea nguzo ya mlango wa ua.

Mheshimiwa alipanda juu ya kreti ya soda. Wakapiga makofi. Lo, mngemwona! Mgongo ulinyooka, shingo ilirudi mahali pake. Alisema serikali inashughulikia sukari, wakacheka, naye akacheka nao kidogo, halafu akamwona askari akaacha. Akasema barabara ya kaskazini itawekwa kokoto. Akawakumbusha swali lake Bungeni kuhusu zahanati, swali ambalo hakuambiwa aliseme. Ladha ya maneno ilikuwa imempanda kichwani. Vijana walikuwa nyuma, wamesimama, Ojara na kofia yake ya polisi mkononi.

"Na sasa," alisema Mheshimiwa, na sauti ikashuka, "mikutano ijayo. Siku ya Jumanne..."

Kilio kilitoka jikoni. Santina alitoka mbio, kitambaa cha kichwa mkononi, akazunguka ua akijitupa huku na huku. "Mama Rosalba! Umetuacha na nani, mama yetu! Uuuwi, mama aliyenipa mume, umelala!" Wanawake hawakuuliza. Waliinuka wote wakaangua kilio, viti vikaanguka, watoto wakaanza kulia kwa kuwaona mama zao wanalia.

"Nani kasema? Nani kaleta habari?" Ojara alimshika mabega.

"Mtu wa basi... amepita mlango wa nyuma... ameniambia, akakimbilia kwao."

Mheshimiwa alishuka kwenye kreti. Aliketi chini kwenye vumbi na suti yake, akasema, "Mama," kama mtoto. Halafu akalia. Si kilio cha mtu mkubwa. Alilia kamasi zikimtoka, akamwomba mama yake msamaha kwamba hakwenda kumwona tangu Bunge livunjwe, kwamba aliona aibu kurudi bila cheo. Santina alikuwa hatua chache tu. Alitaka kumwinamia amwambie sikioni, yuko hai, nyamaza, yuko hai. Askari alikuwa anawaangalia. Ikambidi alie tu, na sasa alikuwa analia kweli, kwa alichomfanyia mume wake.

Askari aliondoka kwenye nguzo, akatoka.

Hadi alasiri habari ilikuwa imefika kila mahali. Walikuja wa Kamwokya, walikuja wa Namuwongo, hata wanaume ambao kwa mkutano wa kawaida wasingetoka mafichoni, maana mkutano unaweza kuukosa lakini msiba wa mama wa mtu huukosi. Kila mtu alileta alichoweza. Nabalayo alikuja na sukari ndani ya karatasi, sukari halisi, aliyokuwa ameificha kwa ajili ya komunyo ya kwanza ya mwanawe.

"Chukua, Mama Anena. Waombolezaji watakunywa chai na nini?"

Santina aliipokea, akaiweka mezani. Akajiambia ni mpaka Jumatano tu. Jumatano atasema yule mtu wa basi alikosea jina. Watanuna, watasamehe. Kwa mara ya kwanza tangu Kapteni aje kula chapati akavuta pumzi ikashuka hadi tumboni.

Ndipo lori la jeshi liliposimama mbele ya ua.

Kapteni alishuka na askari wachache. Watu waligandamana. Lakini alivua kofia, akatembea polepole hadi alipokaa Mheshimiwa, akachuchumaa, akamshika mkono kwa mikono yake miwili. "Pole sana, mzee. Mama ni mama. Mimi pia hapana mama."

Kisha akasimama akawageukia watu. "Mkutano ya Jumanne, basi, hapana. Kwanza sisi nazika. Serikali nasaidia. Lori hii hapa napeleka vijana leo, sasa hivi, nachimba kaburi mbele. Wanawake na wazee nafuata kesho na basi. Petroli ya serikali. Bure."

Nani alikuwa na nauli ya kaskazini siku zile? Nani alikuwa na hamu ya vizuizi? Watu walipiga makofi msibani, jambo ambalo halifanywi, na Mheshimiwa, macho yamevimba, akainuka kumshukuru afande kwa niaba ya wananchi wake. Kwa desturi vijana ndio wanaotangulia kuchimba, hakuna wa kuwasukuma. Walikuwa wameshaanza kutafuta majembe. Ojara alimkabidhi Lakot kofia yake, akakanyaga gurudumu, akarukia ndani.

Santina alikuwa na birika mkononi. Aliangalia ua wake. Kwenye mkutano wa Jumanne wangekuja baadhi, wengine wangeogopa. Kwa kilio chake wamekuja wote. Amewakusanya mwenyewe, amewapa chai, na sasa wanapanda wenyewe wakisaidiana mikono. Alitamani ardhi immeze, lakini ardhi ilikaa kimya. Akanyanyua kichwa.

"Shukeni!"

Hawakumsikia. Akatupa birika, chai ikamwagika juu ya majani. "Shukeni! Mama Rosalba yuko hai! Hakuna mtu wa basi. Nimesema uongo!"

Waliokuwa wanapanda waligeuza vichwa.

"Huzuni imempanda kichwani," mzee mmoja alisema.

"Sina wazimu. Yuko hai, anapalilia mtama. Nililia uongo. Kama nadanganya sasa, Mungu anichukulie Anena wangu."

Kiapo kile hakiapwi kwa mchezo, na kila mama pale alijua. Wa kwanza kuja alikuwa Lakot. Alimtemea mate miguuni. "Umemlilia mtu aliye hai? Mbele ya mtoto wangu mchanga umeita kifo? Mchawi wee! Ojara, shuka! Shuka kwenye hiyo gari, hakuna kaburi!"

Na wakashuka, wakaruka mmoja mmoja, wengine wakiacha majembe. Hakuna aliyetaka kukaa katika ua ule hata kidogo. Kapteni alipiga kelele, askari walimdaka mmoja shati likabaki mkononi. Watu walikuwa wengi wakitoka kwa hasira kila upande, kina mama wakisukumana, wanaume wakikata njia kuelekea relini. Santina alisimama katikati akipokea maneno yao. Vijungu vyao vilichukuliwa. Unga wao ulichukuliwa. Nabalayo alikuja akachukua sukari yake mezani, akakunja karatasi taratibu, hakumwangalia. "Mimi nilikuona kama dada yangu," alisema, akaenda.

Ua ulipobaki mtupu Mheshimiwa alimjia. "Mama yuko hai?"

"Yuko hai, Baba Anena."

Uso wake ulifunguka, na kwa muda akawa mtu aliyerudishiwa mama yake, basi. Kisha alitazama lori tupu, akatazama majembe chini, na Santina akamwona anaelewa kitu kimoja baada ya kingine. Alifungua mdomo. Kapteni alikuwa ameshafika.

"Panda, Mheshimiwa."

"Afande, mke wangu alichanganyikiwa..."

"Lori hapana rudi tupu. Panda."

"Nichukueni mimi!" Santina alimng'ang'ania mkono. "Ni mimi niliyefanya!"

"Wewe mwanamke kaa hapa, pika chapati," Kapteni alisema, akamsukuma akaanguka juu ya majani yaliyolowa chai.

Mheshimiwa alipanda. Alishindwa kwa sababu ya koti, askari akamvuta kwa kola. Lori liliponguruma alijiinua, akashika chuma cha pembeni, akasimama wima mbele ya ua mtupu na safu ya nyumba zilizofungwa. Sauti ilitoka yote, ile iliyowahi kufika nje ya ua bila kipaza sauti.

"Ndugu wananchi! Mkutano wa Jumanne haupo! Wala mwingine wowote watakaowaitia! Msiende! Msie..."

Kitako cha bunduki kilimfikia mdomoni. Lori lilikata kona.

Santina alilikimbilia mpaka pumzi ikamwishia. Aliporudi uani aliweka mikono kichwani, na kilio kikatoka. Hakukitafuta. Alimlilia Erinayo kwa jina lake, jina la baba yake na la kijiji chake, akizunguka ua ule ule, na kila alipofika mlangoni alisimama atazame njia. Hakuna aliyekuja. Usiku ulipoingia alikwenda kwa Nabalayo akagonga, taa ilizimwa. Akaenda kusimama mbele ya nyumba ya Ojara akilia kwa nguvu zake zote, na kupitia dirishani akamwona kijana wake mzima, ameketi, mtoto mapajani, anainua kichwa.

"Nani huyo anayelia?" Ojara aliuliza.

"Mama yako mdogo," Lakot alimjibu. "Ameanza tena."

Akaja akafunga dirisha.